Wapitishe ama Wakatae?

Malaba, Jumanne

Bado najiuliza hicho kikomo ni nini hasa. Leo redio ilitangaza kwamba bunge la nchi inayogharamia kikosi cha mume wangu Ekisa na wenzake litapiga kura kuziwekea kikomo pesa za vita wanavyopigana huko. Nilikuwa nampimia mteja kitenge, nikaacha. Nilijua mume wangu anarudi nyumbani.

Alipopiga simu saa kumi nikamwambia. Akacheka kidogo.

"Mama Amoit, hiyo sheria haisemi turudi. Inasema tu pesa zisizidi hapo."

"Na zikiisha mkiwa bado huko?"

"Nadhani watakata kwanza helikopta ya kubeba majeruhi."

Sijawahi kufikiria kwamba helikopta ina mlipaji, na mlipaji ana wabunge wa kumuuliza. Wana haki ya kuuliza. Hata mimi ningetaka kujua kodi yangu inaenda vita gani. Lakini Ekisa akiumia...

"Sasa niombe wapitishe ama wakatae?"



"Hata sisi huku tunabishana. Wewe ungepiga kura gani?"

Nikamuuliza kama amekula.