Cheni ya Dume na Jicho la Robi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimewasha Dume kama kila asubuhi. Amepiga kelele. Krrrr, kama mtu anatikisa mahindi makavu ndani ya debe. Halafu kimya. Akawa mzima.
Dume ni pikapu yangu, naijua. Hapa Nyangoto hakuna mtu ameendesha gari miaka mingi kama mimi. Nilibeba pamba, nikabeba ng'ombe, nikabeba maiti mpaka ng'ambo ya mto Mara wakati barabara ni tope tupu. Sijawahi kuvutwa na gari la mtu.
Leo Robi amemimina chai nje ya kikombe. Jicho la kulia lilishakufa zamani, hili la kushoto nalo limeingia ukungu. Madaktari wa macho wanakuja Mugumu tarehe 21, siku ya Alhamisi, ndiyo hiyo tu. Jina lake limeandikwa. Nimesema nitampeleka mke wangu mwenyewe, na gari langu. Wakwe na majirani wote wamesikia.

Jumatano, 6 Agosti
Kelele tena. Leo imekaa kidogo zaidi.
Nimelala chini ya gari, nikaona bomba la moshi limelegea. Nimelifunga kwa waya. Kazi nzuri, fundi wa mjini hafungi hivyo.
Ghati alikuwa anaosha vyombo mlangoni kwake. Dume alipowaka aliacha sufuria akageuza kichwa, akasikiliza. Huyu ni mke wa mwanangu Chacha. Chacha yuko Mwanza kikazi, mke anafanya kazi gereji ya magari Nyamongo. Amesomea. Mimi sikumpangia kazi hiyo.

Ijumaa, 8 Agosti
Waya haukusaidia.
Robi kaniletea habari kutoka kwa Ghati. Eti si bomba. Eti ni cheni ya taimingi, ile iliyo ndani mbele ya injini, inayozungusha gia za juu na za chini pamoja. Imechoka, imerefuka, asubuhi oili ikiwa bado haijapanda inapigapiga ukuta.
Nimekataa. Mkamwana atajuaje tumbo la gari langu na hajawahi hata kuligusa? Hawezi kuligusa. Kwetu mkamwana hasogei karibu na baba mkwe, hatamki jina lake, hakai alipokaa yeye. Tunaita insoni. Kiti cha dereva ni changu, na makalio yangu yamekaa pale miaka yote.
Nimeweka oili nzito. Kelele imepungua. Nimefurahi sana. Nilisema.

Jumapili, 10 Agosti
Tumekwenda kanisani Nyamongo. Kwenda, vizuri. Kurudi, kwenye ule mlima Dume alikosa nguvu. Nakanyaga, haendi. Anatetemeka kama ndama mwenye homa. Bodaboda zote zimetupita, hata moja iliyobeba kitanda. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, shuka usukume!" Mshenzi.
Taa ya njano imewaka, ile yenye picha ya injini. Nimeibandika plasta.
Robi kauliza mbona nimenyamaza. Nikasema naangalia barabara. Akasema, "Afadhali wewe unaiona."
Hilo limenichoma.

Jumanne, 12 Agosti
Leo mambo yamekuwa wazi.
Asubuhi nikiwa nimeshika ufunguo, Ghati alisimama mbali, karibu na kihenge cha mahindi, akaangalia pembeni kama inavyotakiwa. Shikamoo yake nimeitikia. Halafu akaongea na Robi kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. Mimi ananiita tata, yaani baba.
"Mama, mwambie tata achukue fimbo ndefu. Ncha moja aiweke mbele ya injini, ncha nyingine sikioni. Halafu mtu mwingine awashe."
Robi akanigeukia. "Anasema uchukue fimbo."
"Nimesikia. Mimi si kiziwi."
"Anasema si kiziwi," Robi akamwambia Ghati. "Mimi nimekuwa simu yenu, na vocha hamniwekei."
Nimechukua fimbo yangu ya kuchungia. Ng'ombe mgonjwa mimi namjua kwa kusikia anavyotafuna, kwa hiyo sikio langu halina mashaka. Robi akawasha. Kelele imenipanda kwenye fimbo mpaka kwenye meno. Haitoki chini kwenye bomba. Inatoka mbele, ndani, palepale aliposema.
Nikauliza, kupitia Robi, ikikatika inakuwaje. Ghati akasema huwa haisubiri kukatika. Inaruka meno ya gia. Ikiruka, pistoni zinapanda wakati valvu hazijapanda, zinagongana, injini imekwisha hapohapo. Hata iwe katikati ya pori la kwenda Mugumu.
Robi hakunipa ujumbe huo. Alikuwa amesikia mwenyewe. Alishika ukingo wa mlango wa gari.
Nimezima. Nimeweka ufunguo kwenye mkono wa Robi. Namwogopea huyu mama, sitaki kuficha.

Alhamisi, 14 Agosti
Ghati amepewa ruhusa kazini. Nimekubali aguse injini, mradi kiti changu asikikaribie. Amemwaga oili ya Dume kwenye karai.
Imetoka nyeusi, na ndani yake inametameta. Jirani yetu mchimbaji alikuwa amepita, akainama akasema, "Mzee, usimwage! Hii tuipeleke ikachenjuliwe!" Watu wa hapa wakiona kinachong'aa akili inahama. Haikuwa dhahabu. Ni chuma cha cheni na gia, kinasagika. Na vipande vya plastiki vyeusi kama kucha, vimetoka kwenye reli zinazoishikilia cheni isicheze.
Nimevishika mkononi. Nilikuwa natembea na kifo nikikiita bomba.
Vifaa vipya vinatoka Tarime mjini: cheni, gia zake, reli, na kile kidude kinachoikaza cheni. Nilisema tufunge cheni tu, mengine yanafaa. Ghati akamwambia Robi kwamba cheni mpya kwenye gia iliyolika italika nayo. Hiyo nimeielewa. Huwezi kufunga plau jipya kwenye nira iliyooza.

Jumamosi, 16 Agosti
Vifaa vimekuja na bodaboda. Kazi imeanza. Mikono imenijaa grisi, hapa nachafua karatasi.
Tatizo lilikuwa boneti. Hatuwezi kuinama wote wawili, bega kwa bega, mimi na mkamwana. Haiwezekani. Robi akatoa sheria: kwa zamu. Ghati akifanya kazi mimi nakaa upande wa zizi. Mimi nikija kukagua, yeye anaondoka mpaka jikoni. Robi anakaa katikati kwenye kigoda, anatupigia kelele, "Toka! Ingia!" kama trafiki.
Ameifungua mbele yote. Cheni ya zamani imelegea kama mkanda wa suruali ya mtu aliyetoka kulazwa. Kile kidude cha kukaza kilikuwa kimenyooka mpaka mwisho, hakina pa kwenda tena.
Ameweka gia mpya, akapanga alama: ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Amezipaka rangi nyeupe ya kucha zionekane. Akavisha cheni. Kidude cha kukaza alikiacha na pini yake inayokizuia kisikaze, hajaichomoa. Halafu Robi akapiga kelele zamu yangu, Ghati akaenda kumnyonyesha mtoto wake.
Nikaangalia. Nikaona cheni bado inacheza kidogo. Nikasema hii hajaikaza. Nikachukua spana nikaweka kwenye boliti ya gia ya juu, nikavuta kidogo tu. Ikasema tak, tak. Nikaona imekaa vizuri. Nikaondoka.
Sikumwambia mtu.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani sikwenda. Nilikuwa na wasiwasi, na sikujua wa nini. Sasa najua.
Ghati amechomoa pini, kidude kikakaza cheni. Mimi nikiwa kule zizini nikamwambia Robi, haya, tuwashe sasa, Alhamisi imekaribia. Ghati akasema bado. Kwanza injini izungushwe kwa mkono, kwa spana, polepole. Nikacheka. Nikasema magari nimewasha kabla hajazaliwa.
"Anasema hajali," Robi akamwambia Ghati. Sikusema hivyo!
Akazungusha. Ikaenda, ikaenda, ikagota. Chuma kwa chuma. Akaacha hapohapo, hakulazimisha. Akainama kuangalia alama. Mimi kule zizini jasho limenitoka na jua halijapanda.
"Mama," akasema, "alama zimehama. Mimi niliziacha zimekutana. Kuna mkono umepita hapa."
"Mkono wa nani?" Robi akauliza.
"Sijui, mama. Labda kuku."
"Kuku wa hapa wana spana?"
Wamecheka wote wawili, mpaka mtoto mgongoni kwa Robi akacheka. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya ndama ambayo ilikuwa imeshafungwa.
Kama tungewasha kwa ufunguo nilivyotaka, valvu zote zingepinda. Jicho la Robi lingebaki hapa Nyangoto. Kwa mkono wangu mimi. Nimeumia sana. Nikaona bora kusema, lakini kusema namna gani na kwa nani? Ghati alirudisha pini, akapanga upya, akavisha cheni, akachomoa. Akazungusha mara mbili nzima. Haikugota. Alama zikakutana.
Ndipo nikapaza sauti: "Robi! Mwambie kwamba yule kuku amesema hatarudi tena."
Ghati ameinamisha kichwa ndani ya boneti. Mabega yalikuwa yanatikisika. Si kilio.
Amefunga kifuniko cha mbele na gundi yake. Gundi ilale mpaka kesho, ikauke. Hakuna kugusa. Sijagusa.

Jumatatu, 18 Agosti
Oili mpya imeingia, ile aliyochagua yeye, si nzito yangu. Nimewasha mimi. Robi ameshika mdomo.
Kimya. Ile krrrr haipo. Dume amenguruma kama alivyonguruma siku niliyomleta nyumbani. Nimezima, nikawasha tena. Kimya. Nimetoa plasta kwenye taa. Taa haiwaki.
Nikasema kazi imekwisha. Robi akasema haijaisha.
"Mimi sipandi mpaka aliyelitengeneza alipime kule mlimani."
"Nitalipima mimi."
"Wewe ulisema ni bomba."
Ghati akaingilia kwamba haiwezekani, kiti ni cha tata. Akarudi kwake. Ni kweli haiwezekani. Robi naye hapandi. Amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, na huyo nimeishi naye, akinipa mgongo hageuki.
Nimekaa. Nimefikiri kama nilivyofikiri nikivuka mto umefurika. Halafu nikachukua spana. Boliti za kiti zilikuwa na kutu, zimenitoa damu kwenye kidole. Nimeking'oa. Kiti changu, chote. Nimekibeba peke yangu mpaka chini ya paa la zizi, nikakaa juu yake.
Pale kilipokuwa nimeweka kreti la soda, nikalibana kwa mbao na kamba lisisogee, na gunia juu. Kreti si langu. Ni la mwenye duka.
Wazo hilo hakuna aliyenipa. Limetoka kwenye kichwa changu. Wazee wa ukoo wakiuliza nitawajibu mimi, waseme insoni nimeivunja wapi.
Ghati aliliangalia kreti muda mrefu. Kisha akapanda, Robi kando yake, wakaondoka. Nimesimama njiani mpaka vumbi likaisha. Wamerudi wakati mgodi wa dhahabu umeshalipua miamba, mchana. Robi alikuwa anaongea kabla gari halijasimama. Mlima wameupanda bila kupunguza, na wamepita bodaboda.
Natumaini ni yule mshenzi.

Alhamisi, 21 Agosti
Kiti nimekirudisha, nimekikaza vizuri. Tumetoka alfajiri, mimi na Robi. Kwenye daraja la Mara nilizima redio nisikilize. Hakuna kitu, injini tu na upepo. Kwenye pori nilisikiliza tena. Hakuna.
Mugumu tumefika wa kwanza. Watu wamekuja na basi wametukuta tumeshakaa. Nimewaambia nimekuja na gari langu.
Wamemfanyia upasuaji mchana. Ametoka amefungwa bandeji, anashika ukuta. Nimempa mkono. Barabarani, mbele ya watu. Tumelala hapahapa.

Ijumaa, 22 Agosti
Bandeji imetoka. Daktari kamwambia aangalie mbele. Mbele nilikuwa mimi.
Kaniangalia sana. Kasema, "Kumbe umezeeka hivi."
Nimetoka nje nikajifanya naangalia matairi. Nimelia. Hakuna aliyeniona.

Jumapili, 24 Agosti
Tumerudi nyumbani, tumepumzika. Robi ameokota mawe kwenye mchele mwenyewe, kisha akaona doa kwenye shati langu la kanisani, kauliza limekaa pale tangu lini. Nimesema sijui.
Asubuhi nimewasha Dume. Nimesikia kuku tu.
Ghati kesho anaanza zamu mapema Nyamongo. Nimemwambia Robi amwambie gari lipo, aende nalo. Spana ya kiti nimeiweka juu ya kreti, na kreti lenyewe sijalirudisha dukani. Mwenye duka ameliuliza. Nimemwambia lina kazi.