Upele wa Bibi Yako

Kwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo Mwanaisha, huko Unguja. Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Bagamoyo tu wazima. Shangazi yako kajifungua binti mwenye pua yangu, bahati yake.

Umeniuliza umpake nini mwanao mwenye upele. Umemuuliza mjuzi, ila ujuzi huo niliupata kwa aibu, kabla Wadachi hawajaja.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alirudi kutoka kutafuta kuni mwili umemjaa vipele. Mimi niliyefika Ujiji, niliyesoma juzuu mbili nzima, nikasema palepale mlangoni, "Hii ndui." Nikampeleka akalale peke yake kwenye banda la shambani.

Jirani yetu, mama wa Kihindi muuza dawa, akanijia.

"Umemgusa?"

"Nimemwona."

"Ukiwa wapi?"

Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Akaenda bandani, akamshika paji la uso: hana homa. Akamuuliza kuni alikata wapi. Kumbe ni upupu. Akakanda unga, akauviringisha mwilini ung'oe vinyweleo vya upupu, kisha akampaka liwa, ule mti wa manukato, iliyosagwa kwa maji ya waridi.

Bibi yako aliniambia taratibu, "Umeupa ugonjwa wangu jina, hata hujaniuliza nawashwa wapi." Mimi, bingwa wa maneno, nikachukua bakuli la liwa nikamalizia kumpaka.

Basi mpakate mwanao kwanza, umshike paji, umuulize alicheza wapi. Akiwa na homa, mwite tabibu upesi. Akiwa hana, liwa nimekufungia humu. Mpake kwa mkono wako, usimwachie yaya.

Ni mimi, babu yako.