Ulisema Alilia

Mpendwa dada Agripina,

Mpwa wako, yule mwalimu aliyehamishiwa Kiwangwa, alinipa habari jana sokoni. Alidhani nimeshazipata. Kumbe umelala kaburini kwenu Songea, nami huku nakuwekea korosho nikingoja msafiri wa kukuletea. Nimelia mpaka wanangu wameniogopa. Wananiuliza huyo nesi alikuwa nani kwangu.

Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu Uhuru. Nililetwa wodi ya wazazi damu zinanitoka, mimba haijafika miezi yake, nikapoteza fahamu mtoto akiwa njiani. Nilipozinduka nilikuta kimya. Desturi ya wodi ile tuliijua sote: mtoto aliyekufa hufunikwa kwenye beseni, akapitishwa mlango wa nyuma, na mama akaambiwa ashukuru kwamba yeye amepona. Wewe ulikuja na mwanangu mikononi, umemviringisha kanga yangu mwenyewe.

"Utampakata?" uliniuliza.

Niliogopa. Ukakaa kitandani kwangu, jambo ambalo manesi hawakulifanya, ukamlaza kifuani pangu. "Tazama, kidevu chako hiki." Alikuwa ameshapoa. Nilimnusa kichwa, na harufu ile ndiyo mali pekee niliyo nayo kutoka kwake.

Kisha wakaja wakwe. Mama mkwe, Mungu amrehemu ingawa mimi bado, alisimama mlangoni akauliza neno moja tu:

"Alilia?"

Ulikuwa Mkristo, lakini kuwazalisha wake wa Kiislamu kulikufundisha uzito wa swali lile. Kwetu, mtoto akizaliwa akalia kisha akafa, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na kupewa jina. Asiyelia wakwe zangu wangemviringisha kitambaa wakamfukia, basi, wanaume wakarudi madukani. Mimi nilikuwa nimezimia alipozaliwa. Mume wangu alitazama sakafu.

"Kama hakulia, tusiwasumbue watu," mama mkwe akasema.

"Alilia," ulisema. "Mara moja. Nilimshika mimi, nilimsikia mimi."

Akakutazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe utaujulia wapi?"

Alijua hukujaaliwa mtoto, akakuchoma hapo hapo. Ulimgeukia mume wangu.

"Bwana, mwanao alilia. Anaitwa nani?"

Siku ya saba ilikuwa mbali, jina halijatafutwa. Alibabaika, kisha akasema, "Idi." Alasiri ile wakamsalia. Nilisikia kwamba safu zilikuwa tatu.

Maziwa yalikuja hata hivyo, yakaninyeshea nguo kana kwamba hayakupewa habari. Ulinifunga matiti kwa kanga, ukinitania kwamba sisi Wakwere tunajua kulima mananasi tu, kanga hatujui kuifunga. Nikacheka, nikajichukia kwa kucheka. "Cheka tu, Mama Idi," ulisema. "Na uji unywe." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kabla.

Na baada yako hakuna aliyeendelea. Nilizaa wengine, na mji mzima unaniita Mama Zena, kwa yule wa kwanza aliyeishi. Nyumbani Idi hatajwi, eti nisikufuru. Ni wewe tu, hata ulipohamishwa, kila aliyetoka kwako aliniletea salamu zile zile: nesi anamsalimu Mama Idi. Nilikuwa nawaomba watu wazirudie salamu hizo mara ya pili, nikijifanya sikusikia vizuri.

Lipo jambo sikukuuliza. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliniambia baadaye kwamba alikuwa macho muda wote, na hakusikia sauti ya mtoto. Labda ilikuwa ndogo. Labda alikuwa na uchungu wake. Nilitaka kukuuliza, nikaogopa, na sasa umeondoka nalo. Sitaki tena kulijua. Kama alilia, Mungu akulipe kwa kumsikia. Kama hakulia, basi akulipe mara mbili.

Umetangulia kwa Idi, dada. Mpakate sana, mimi nilimpakata kidogo mno.

Aliyekuwa akiniita jina hili ameshakwenda, kwa hiyo leo naliandika mwenyewe.

Mdogo wako,
Mama Idi