Mchanga wa Bondeni

Idjwi, Jumapili jioni

Na bado sikupumzika. Kesho asubuhi ni boti ya kurudi Goma, na siku yangu ya mwisho ya likizo nimeimalizia juu ya jiwe kama mlinzi.

Furaha, wifi yangu aliyeolewa hapa kisiwani, alitupeleka ufuko wa mbali, hakuna mtu. Mchanga uko chini, kwenye kibonde kati ya mawe. Pazuri kweli. Lakini sisi watu wa Goma tukiona bonde karibu na ziwa tunawaza mazuku tu, ile hewa isiyo na harufu inayojaa chini kimyakimya. Mbuzi analala humo, haamki. Hata mtu.

Basi kila binti yangu Aline alipotaka kushuka, nilimvuta mkono. Analia, namvuta. Furaha alicheka, mwishowe akakasirika.

"Mama Aline, mazuku ni ya kwenu kule! Huku haiko. Acha mutoto acheze!"

Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Nani alikuja hapa kufundishwa kupumzika?

Alasiri nikachoka. Nikamwambia Aline, haya, shuka.

Hakukimbia. Alishuka polepole, akamlaza kwenye mchanga pupe wake, yule mtoto wa kitambaa asiyeachana naye, kisha akapanda haraka na kuchuchumaa kando yangu, macho kule chini.

Furaha akamuuliza, "Unangoja nini tena, mama?"

"Ninangoja nione kama ataamuka."