Askari Aliyekanyaga Babu wa Saba

Dahabo, walaal, ndugu yangu uliyebaki Garissa na mbuzi wetu, salaam aleikum. Anayeandika ni mwenye duka, maneno ni yangu.

Huku Balambala joto linakaanga watu. Wajukuu walikataa kukaa wasikilize habari za mababu, basi nikawatengenezea mchezo uani: jiwe ni babu, mfupa ni ngamia, kishimo ni kisima. Wakawa wanawahamisha mababu kisima hadi kisima, wakitaja majina ya mababu na ya visima vyenyewe. Yusuf alimnyima babu mmoja maji, wakapigana.

Leo asubuhi askari wanaosaka shifta, wale waasi, wakaingia. Mkubwa wao akatazama chini. "Mama, hii ramani ya maji ya shifta?" Kabla sijajibu, Hawa, yule wa miaka sita, akamvuta suruali: "Ondoa kiatu! Umemkanyaga babu yangu wa saba!"

Askari akaondoa mguu, akacheka. Halafu akauliza kwa upole, "Na babu huyo alikunywa maji wapi?" Upole huo ndio ulionitisha. Nikamfinya mtoto asijibu. "Kesho nitarudi," akasema, "ataniambia."

Akivitaja visima, watasema tunawaonyesha waasi maji, na sote tutaitwa shifta. Tangu saa hiyo nawafundisha kusahau, mimi niliyewapigia kelele wakumbuke. Yusuf ameweza. Hawa bado anavitaja, tena anacheka.

Kadi hii ikikufikia, hiyo kesho itakuwa imeshapita. Tuombee hata hivyo, na unywe maziwa, mkaidi wewe, kipenzi changu.

Dada yako, Habiba