Maharagi ndani ya veste

Jumamosi, kisha kula

Na ni miye mwenyewe nilimukubalia! Mutoto wangu Grâce alisema mwalimu amewafundisha kama makala ni miti, inafaa kuyapunguza. Basi maharagi yakisha kulala mu maji na kuchemuka kidogo, unayatoa ku moto, unafunika sufuria vizuri ndani ya kitunga ili joto isitoke, yanajimalizia yenyewe. Nikamuambia ajaribu. Nikaenda soko bila kumuuliza atafunika na nini.

Mama mukwe alifika toka Marabo. Tangu niolewe, anasema maharagi yangu iko nguvu kama changarawe. Leo alikula, akaongeza sahani ya pili.

"Leo mulipika na nini?"

Grâce akanitangulia kumujibu nyanya yake: "Na veste ya papa, koko, ile koti yake ya misa."

Bwana yangu Deo akaacha kutafuna. Veste iko na moja tu, na kesho ndiye atasoma somo ku misa.

Nimeianika inje, lakini bado inanuka kitunguu. Mutu hawezi kutia watu njaa kabla ya komunyo. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba musamaha, mama yake Deo akasema:

"Deo, kesho uende na shati tu. Hii veste imekwisha kupata kazi."