Nafasi ya Nne

Jumatano, 6 Novemba

Kikao cha kwanza cha mabingwa wa kujua. Chumba cha nyuma cha klabu ya matufe, ule mchezo wa wazee wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, hapa Yarraville. Ajenda: klabu tunayoishabikia ya mpira wa Kiaustralia, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, imchukue kijana gani kwenye uteuzi wa mwaka. Utadhani makocha wamekaa karibu na simu wanasubiri sisi tuamue.

Sheria ya ligi ni kwamba aliyeshindwa sana ndiye anayetangulia kuchagua. Timu tatu tu zimekuwa mbovu kuliko sisi msimu huu, kwa hiyo tuna nafasi ya nne. Gavin Stroud analitamka hilo neno, "nafasi ya nne", kama mtu aliyevishwa nishani. Tumeipata kwa kufungwa, Gavin.

Gavin anauza bima. Hajapiga mpira maishani, hata wa matambara, lakini anajua urefu wa mkono wa kila kijana wa miaka kumi na minane Australia nzima. Amekuja na video. Anamtaka Hamish Auld wa Adelaide, mrefu kama nguzo ya umeme. "Huyu ni mnara, jamani. Mnara." Nimeuona mnara wenyewe. Mpira ukidondoka chini, mnara unahitaji wiki nzima kuinama.

Mwingine anayetajwa ni Theo Mackie wa Bendigo. Mfupi, mwepesi, anatumia mguu wa kushoto. Gavin akatuwekea fainali ya vijana. King'ora cha kumaliza mechi kimeshalia, limebaki pigo lake tu, goli moja wawe mabingwa. Yuko mbele ya milingoti ya goli, karibu kabisa. Anapiga. Mpira unakwenda kwa watazamaji na kuangukia chai ya mama mmoja.

Gavin akairudisha video. Akarudisha tena, polepole. Nilicheka. Ile chai jamani.

Vas Karandis hakucheka. Vas ni mwokaji mikate, amestaafu, na viti vyetu viko pamoja nyuma ya goli tangu sote tulipokuwa na nywele nyeusi. Alisema tu, "Msimchukue huyo. Hafai." Kisha akaendelea kula pai yake.

Ajabu. Vas huwa anamtetea kila mtu. Alimtetea hata yule beki aliyempasia adui mara tatu kwenye mechi moja.

Jumapili, 10 Novemba

Kundi la WhatsApp limeharibika. Gavin ametuma jedwali lenye rangi. Anampima Auld kwa "uwezo wa kuruka", "uwezo wa kurudi" na "tabia". Tabia amempa tisa. Hajawahi kukutana naye. Nimejibu kwa picha ya mbuzi.

Halafu Vas akaandika. Vas, ambaye kwa kawaida hutuma dole gumba tu! "Mackie mwoga. Chukueni mrefu." Gavin akamshangilia: "Mzee wa mikate kaona mbali!" Wengine nao wakamrukia kijana. Moyo wa kuku. Miguu ya kuku. Sehemu zote za kuku.

Sijui kwa nini imenikera. Simjui huyo mtoto.

Jumatano, 13 Novemba

Vas alikuja saluni kwangu kukata nywele. Hakuna mteja mwingine, nje jua kali, redio inasema mambo ya uteuzi. Nikamchokoza. Nikamwambia, "Vas, umekuwa kama Gavin siku hizi. Bado kuvaa tai kama yake tu."

Akapukuta nywele begani.

Nikaendelea, kama kawaida yangu. Nikasema huyo Mackie wako hata mimi na magoti haya nisingekosa lile goli.

Akaniangalia kwenye kioo. "Merle, ni mtoto wa Eleni."

Mkasi ukasimama. Eleni ni binti yake. Aliolewa, akahamia Bendigo, mtoto akabeba jina la baba. Nilijua kuna mjukuu Theo. Nilijua anacheza. Sikuwahi kuunganisha, na Vas hakuwahi kutusaidia kuunganisha. Nikamuuliza, sasa mbona unamponda mjukuu wako mbele ya watu?

"Ili mumkatae."

Nikamwambia klabu haitusikilizi sisi.

"Najua. Lakini siwezi kukaa tu." Kisha akasema mtoto hataki timu nyingine. Ni sisi tu. Amelala na jezi yetu tangu utotoni, na aliyemnunulia ni yeye mwenyewe, Vas. "Nilimlea aipende. Sasa naomba Mungu achukuliwe na watu wa Perth. Nchi nzima iwe katikati yake na midomo yetu."

Midomo yetu. Hivyo ndivyo alivyosema.

"Unamkumbuka Danny Prowse?"

Namkumbuka. Kijana wetu wa zamani, alicheza pembeni, mikono ya siagi, kila mpira unamponyoka. Tulimwimbia wimbo. Alidumu misimu miwili, akaenda zake Queensland.

"Mama yake alikuwa anakaa safu tatu mbele yetu," Vas akasema. "Kila wiki. Mlinzi wa geti ndiye aliyeniambia, alipokwisha kuacha kuja. Na ule wimbo, Merle, nusu yake niliutunga mimi."

Nikamalizia shingo. Alipotoka akaniomba nisimwambie mtu.

Basi niyaandike hapa. Mimi sikumzomea mtoto wa mtu. Nilizomea mikono yake. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mchezaji analipwa, anapewa gari, akidondosha mpira asemwe. Kama hataki kusemwa akacheze matufe. Na Vas asinifanyie mahubiri kwenye kiti changu mwenyewe.

Safu tatu. Ni karibu sana, safu tatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Redio imesema Auld ana mgongo mbovu. Basi. Mnara umeanguka.

Kufikia mchana Gavin amegeuka kama chapati. Theo Mackie sasa ni lulu. "Nilisema tangu mwanzo," ameandika, na jedwali jipya juu. Tabia: tisa. Lile goli alilokosa? Linaonyesha ujasiri, maana alikubali kupiga. Watu wale wale wa miguu ya kuku sasa wanamwita "mchawi mdogo". Kuna mtu tayari anauliza atavaa namba gani.

Nikaingia kumsaidia Vas. Niliandika kwamba kijana ni mfupi, hajakomaa, aachwe. Nikapigwa kama ngoma. Gavin: "Mama Merle, kaa na nywele zako, mpira tuachie sisi." Mimi! Nilikuwa nyuma ya lile goli kabla mama yake hajamzaa.

Nilimpigia Vas. Nikasema, umeona, wamempenda sasa, pengine mambo yatakuwa mazuri. Akacheka kidogo, vibaya. "Prowse walimpenda vilevile. Mpaka Aprili, alipoanza kudondosha."

Jumanne, 19 Novemba

Eleni amempigia baba yake: kuna kiti chake ukumbini kesho, kwenye sherehe yenyewe, pamoja na familia. Mtoto anamtaka karibu. Vas amesema kifua kinambana. Hakimbani. Amenieleza dukani, mbele ya ndizi. "Wakimtangaza kwetu kamera itanielekea usoni. Atauona uso wangu. Nitaangalia nanyi."

Nikamwambia ni mpumbavu. Akakubali, akachagua ndizi zake.

Alhamisi, 21 Novemba, asubuhi

Niandike kabla sijafungua saluni. Sikulala vizuri.

Jana jioni jua bado lilikuwa kwenye nyasi za matufe tulipokaa. Chumba kimejaa. Gavin kavaa tai yenye rangi za klabu, amesimama mbele ya televisheni kana kwamba ndiye atakayesoma majina. Soseji, mkate, vitunguu. Vas alikaa karibu na mlango wa jikoni.

Timu ya kwanza ikachagua. Ya pili. Ya tatu walipomchukua Auld, mgongo na yote, chumba kikalipuka kwa kicheko. Halafu zamu yetu. Mtu wa klabu akaenda kwenye kipaza sauti, akasoma jina na namba, akasema Bendigo.

Wakarukiana. Bia ikamwagika kwenye kapeti. Kwenye televisheni mtoto alisimama, akavaa jezi yetu juu ya shati lake jeupe, na ilionekana kama ilimsubiri. Analia. Eleni analia. Kiti kitupu kando ya Eleni, kila mtu nchini akakiona. Gavin akasema, "Kiti cha nani kile? Demu kamtosa?" Watu wakacheka.

Vas alikwisha kutoka nje.

Nilimfuata. Amekaa kwenye benchi ukingoni mwa nyasi, simu mkononi inatetemeka. Jina la mtoto liko juu yake. Ikakata. Ikaita tena. Nikasema, pokea, Vas, usimfanyie hivyo leo. Akapokea. Alikuwa ameweka spika, hajui kuitoa, kwa hiyo nilisikia. Makelele ya ukumbi, kisha sauti nyembamba kuliko nilivyotegemea.

"Papu? Umeona? Ni sisi. Umefurahi?"

Papu ndilo neno lao la babu.

Vas akasema, "Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mno." Kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mkono mwingine ulishika ubao wa benchi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mtoto akaanza kuhadithia. Nani kamshika mkono, nani kamwambia nini, viatu vinambana. Vas akainuka, akatembea huku anaitikia, ndiyo, ndiyo, akaelekea mlangoni kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Mimi nikatangulia niwanyamazishe.

Ndani walikuwa wameiweka video. Ile. Gavin ameiunganisha na televisheni kubwa, king'ora, pigo, chai ya yule mama, na chumba kizima kinahesabu kwa pamoja kabla mpira haujatua. Kwa mapenzi, eti. Wanamkaribisha. Mtu mmoja alikwisha kuanza kutafuta maneno ya kuimba.

Nikasema, "Gavin, zima."

"Kwa nini?"

"Zima tu, bwana."

Akasimamisha picha. Watu wakageuka. Vas alikuwa mlangoni nyuma yangu, simu imeinuliwa mbele ya kidevu, spika wazi, na mtoto bado anazungumza, kisha mtoto akanyamaza. Akauliza, "Papu, uko wapi? Hao ni kina nani?"

Gavin hakusikia, au hakuelewa. Alikuwa ananiangalia mimi, anatabasamu, rimoti mkononi.

"Kwa nini, Merle? Wewe ndiye uliyecheka kuliko sote."

Chumba kizima kikanigeukia. Vas naye. Hakuishusha simu.

Nikafungua mdomo, nikasema, "Ndiyo, nilicheka, na mtoto mwenyewe anatusikia kwenye hiyo simu."